Usihesabu Mikimbio, Hesabu Wiketi

Kila Kombe la Dunia la kriketi likikaribia, ubishi wa mashabiki huanzia kwa wapigaji: nani atafikisha mia, nani ataupeleka mpira jukwaani. Mwaka 2023 Virat Kohli alimaliza mashindano akiwa na mikimbio 765, rekodi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia, na kabla hata fainali haijachezwa wengi walikuwa wamekwisha kuikabidhi India kombe. Kombe likaenda Australia. Wasomaji wa safu hii wanaujua msimamo wangu, nami siuachi: historia ya mabingwa wa kombe hili ni historia ya warushaji mpira. Wapigaji wazuri huifikisha timu nusu fainali. Kutoka hapo kombe hubebwa na upande unaojua kuwatoa wenzao uwanjani.

Tuanze na hesabu. Tangu 1975 hadi 2023 mashindano ya wanaume ya ova nyingi yamefanyika mara 13. (Wanawake walitangulia kwa miaka miwili; kombe lao la kwanza lilichezwa 1973, jambo ambalo wanaume hupenda kulisahau.) Australia imetwaa mara 6, West Indies na India mara 2 kila mmoja, na Pakistan, Sri Lanka na Uingereza mara moja moja. Sasa chukua kadi za fainali zote 13 uzisome upande wa wiketi. Katika fainali 8, bingwa aliwatoa wapigaji wote wa mpinzani. Aliyeshindwa amefanikiwa kumtoa bingwa wote mara 2 tu, mwaka 1983 na mwaka 2019. Tofauti ya nane kwa mbili haiji yenyewe, hasa ukikumbuka kwamba kwa kanuni za mchezo huu si lazima umtoe mpinzani wote ndipo ushinde. Unaweza kumbana tu mpaka ova zake ziishe. Mabingwa wengi hawakuridhika na kubana.

Sababu iko katika muundo wenyewe wa mchezo. Timu inayopiga ina vitu viwili vya kutumia: mipira na wiketi. Leo mipira ni 300, yaani ova 50; katika mashindano matatu ya mwanzo ilikuwa 360. Wiketi ni 10. Kitakachoisha kwanza ndicho kinachofunga zamu. Mipira hiyo kila timu hupewa sawa, na hakuna mrushaji anayeweza kumpunguzia mpinzani hata mmoja. Wiketi ndiyo mali pekee unayoweza kumpokonya. Na ukimpokonya humpunguzii mtu mmoja tu, unambadilishia tabia yule anayebaki. Mpigaji ambaye nyuma yake wapo wenzake saba hucheza kama mfanyabiashara mwenye akiba benki: anathubutu, akipoteza hafilisiki. Mwondolee wenzake wanne, na mtu huyohuyo, mwenye gongo lilelile, ataanza kuukinga mpira alioupiga ukingoni nusu saa iliyopita. Mikimbio hukauka bila mrushaji kubana chochote.

Wanahesabu waliliona hili kabla ya mashabiki. Katika nusu fainali ya 1992 mjini Sydney, Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13 dhidi ya Uingereza. Mvua ikanyesha kwa dakika chache, na waliporudi uwanjani walitakiwa kupata zaidi ya 20 kwa mpira mmoja. Kanuni ya mvua ya wakati ule ilitazama ova tu, tena kwa namna ya ajabu. Ndipo Waingereza wawili, Frank Duckworth na Tony Lewis, wakatengeneza kikokotoo kinachouliza maswali mawili kwa pamoja: zimebaki ova ngapi, na wiketi ngapi? Timu yenye ova 20 na wiketi 8 mkononi ni tajiri. Yenye ova hizohizo 20 na wiketi 3 ni maskini, hata kama ubao unaonyesha mikimbio sawa. Kombe la Dunia limekuwa likitumia kikokotoo hicho tangu 1999, lakini vijiweni bado tunasoma ubao kwa jicho la kabla ya 1992.

Fainali ya 1979 pale Lord's ni darasa zima la jambo hili. West Indies walipata 286, Viv Richards akiwa na 138 bila kutolewa, naye Collis King akifumua 86. Uingereza wakaanza kufukuza na wafunguaji wao, Mike Brearley na Geoffrey Boycott, wakakaa pamoja hadi 129. Namba nzuri, ila walitumia ova 38. Walitunza wiketi kana kwamba mipira haina mwisho, kisha wenzao wakalazimika kuharakisha mbele ya Joel Garner, jitu refu lililokuwa likishusha mpira kutoka juu hadi kwenye vidole vya miguu. Kutoka 183 kwa wiketi mbili wakamalizika na 194. Wiketi nane kwa mikimbio 11! Garner alichukua tano.

Miaka minne baadaye West Indies walionja dawa yao. India walitolewa wote kwa 183 na kila mtu akajua mchezo umekwisha. West Indies walikuwa na ova 60 za kutafuta 184, mikimbio mitatu kwa ova, kazi ya kutembea. Richards alikuwa na 33 za haraka alipoupandisha mpira wa Madan Lal, naye nahodha Kapil Dev akakimbia akiupa uwanja mgongo, akaudaka. Tangu hapo West Indies hawakuwa timu ileile. Mohinder Amarnath, mrushaji ambaye kasi yake isingemtisha mtoto wa shule, alichukua tatu kwa mikimbio 12, na mabingwa mara mbili wakamalizika kwa 140 katika ova ya 52. Mipira ilikuwapo tele. Hapakuwa na mtu wa kuipiga. Simulizi za 1983 hupenda kukaa kwenye mikimbio 175 ambayo Kapil aliipata dhidi ya Zimbabwe pale Tunbridge Wells baada ya India kuwa 17 kwa wiketi tano. Ni zamu tukufu, sibishi. Ila fainali ilishindwa kwa mpira mkononi.

Imran Khan ndiye nahodha aliyeutangaza msimamo huu kwa vitendo kuliko wote. Pakistan ya 1992 ilitolewa yote kwa 74 na Uingereza huko Adelaide, mvua ikaiokoa na kuipa pointi moja iliyokuja kuivusha. Wakati makocha wengine walikuwa wakiwahimiza warushaji wao wasipoteze hata mkimbio wa bure, Imran alimwambia kijana wake Wasim Akram arushe kwa kasi zake zote na asijali mipira itakayopita kando. Hesabu yake ilikuwa sahihi: mikimbio michache ya bure ni bei nafuu kwa wiketi. Katika fainali, Uingereza ikiwa 141 kwa nne na mambo yakielekea kuwanyookea, Wasim alimrudia Allan Lamb kwa mpira ulioingia kisha ukatoka, ukang'oa vijiti. Mpira uliofuata ukamwondoa Chris Lewis. Mipira miwili, na kombe likahama.

Yasemwayo vijiweni

Mfano ambao hutumiwa sana kunipinga ni Sri Lanka ya 1996. Mashabiki husema timu ile ilichukua kombe kwa sababu Sanath Jayasuriya na Romesh Kaluwitharana waligeuza ova 15 za mwanzo kuwa vita, wakati walinzi wawili tu ndio walioruhusiwa nje ya duara. Ni kweli walibadilisha namna ya kufungua mchezo. Kenya wanaikumbuka siku ya Kandy, Sri Lanka walipoandika 398. Lakini fungua kadi za mechi mbili zilizoamua kombe. Katika nusu fainali dhidi ya India mjini Kolkata, wote wawili walitolewa katika ova ya kwanza. Katika fainali ya Lahore walikwisha kutoka timu ikiwa na 23. Kilichoipeleka Sri Lanka mbele Kolkata ni India kuporomoka kutoka 98 kwa moja hadi 120 kwa nane mbele ya warushaji wa spini, Jayasuriya huyo huyo akichukua tatu kwa 12, mpaka mashabiki wakachafua uwanja na mechi ikavunjwa. Lahore, Australia walikuwa 137 kwa moja. Aravinda de Silva akaingia kurusha mpira wake wa kawaida kabisa, akachukua tatu, akadaka wawili, na Australia wakaishia 241. Baada ya hapo ndipo akapiga 107 zake. Watu wanakumbuka hizo 107.

Kisha kuna lile la Afrika Kusini na "woga". Husemwa kwamba timu ile hutetemeka siku kubwa, na ushahidi ni nusu fainali ya 1999 pale Edgbaston: zimelingana 213 kwa 213, Allan Donald amesimama, gongo limemdondoka, Lance Klusener anakimbia peke yake, na Australia inapita kwa kuwa ilikuwa juu katika hatua iliyotangulia. Picha ile imerudiwa mno hadi imefunika mechi yenyewe. Afrika Kusini walikuwa 48 bila kupoteza mtu. Shane Warne akashika mpira, na ghafla ikawa 61 kwa wiketi nne. Kuanzia hapo walikuwa wakifukuza kwa mtaji uliopungua, na Klusener alikuwa analipa deni ambalo hakulikopa. Siiti hiyo woga. Naiita mrushaji bora wa spini wa kizazi chake kwenye siku yake. Siku tatu baadaye Warne alichukua nne tena na Pakistan wakamalizika na 132 katika fainali.

Fainali ya 2003 Johannesburg nayo hunirukia usoni: Australia 359 kwa wiketi mbili tu, Ricky Ponting 140 bila kutolewa. Hapo wapigaji walishinda, nakubali. Lakini walifikaje pale? Huko Port Elizabeth timu hiyohiyo ilikuwa 135 kwa nane ikitafuta 205 dhidi ya Uingereza, na aliyeiokoa ni Andy Bichel, ambaye mapema siku hiyo alikuwa amechukua wiketi saba kwa mikimbio 20. Dhidi ya New Zealand walipata 208 tu, kisha wakawatoa wote kwa 112. Na ile 359 ikawa salama mno Glenn McGrath alipomtoa Sachin Tendulkar katika ova ya kwanza ya majibu.

Wapo pia wanaodai kwamba hoja yangu ni ya enzi ya ova 50 na kwamba katika ova 20 nguvu ndiyo kila kitu. Mashindano tisa ya kwanza ya dunia ya ova 20, kuanzia 2007 hadi 2024, yametwaliwa na mataifa sita, na ni sita walewale wa orodha ya ova 50. Fainali ya 2024 huko Bridgetown: Afrika Kusini wanahitaji 30 kwa mipira 30 wakiwa na wiketi sita. Heinrich Klaasen akatolewa, Jasprit Bumrah akarudi, India wakashinda kwa mikimbio saba. Aliyetajwa mchezaji bora wa mashindano hayo ni Bumrah, mrushaji.

Siku nyingine kanuni yangu huyumba, na ingekuwa udanganyifu kuzificha. Mwaka 2011 India waliifukuza 274 ya Sri Lanka kwa magongo ya Gautam Gambhir na Mahendra Singh Dhoni, na sina la kuongeza. Mwaka 2023 mrushaji aliyeongoza mashindano yote kwa wiketi 24 alikuwa Mohammed Shami wa India, naye alitoka mikono mitupu. Hata hivyo fainali ile ya Ahmedabad inafundisha kitu kuhusu wakati wa kuchukua wiketi. Travis Head alikimbia kinyumenyume akamdaka Rohit Sharma aliyekuwa ameshika kasi na 47, Pat Cummins akarusha ova zake zote 10 bila mpira wake hata mmoja kufika ukingoni, na baada ya ova 10 za kwanza India wote kwa pamoja waliufikisha mpira ukingoni mara nne tu. Zamu yao ya kurusha ilipofika, India waliwatoa Australia watatu kwa 47, halafu katikati pakakauka mpaka Head alipotoka ikiwa imebaki mikimbio miwili. Wiketi za mwanzo huleta makofi. Zile za ova ya 15 hadi ya 40 ndizo huleta kombe, kwa sababu huzuia ndoa ya wapigaji wawili kukomaa.

Kuhusu 2019 nina kinyongo, nakiri. Lord's, 241 kwa 241, ova ya ziada 15 kwa 15, na Uingereza wakapewa kombe kwa sababu walifikisha mipira 26 ukingoni dhidi ya 17 ya New Zealand. Uingereza walikuwa wametolewa wote kumi. New Zealand walipoteza wanane. Zamani sare ziliwahi kuamuliwa kwa kutazama nani amepoteza wiketi chache. Kigezo hicho kingetumika, orodha ya mabingwa ingekuwa na New Zealand mahali pa Uingereza. Baraza la Kimataifa la Kriketi lilikifuta kigezo cha mipira ya ukingoni mwaka huohuo, kwa maana ya kwamba waliona aibu baada ya harusi.

Upande wetu wa bahari

Msomaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anaweza kuuliza yanamhusu nini. Yanamhusu tangu mwanzo. Mwaka 1975 timu iliyoitwa Afrika Mashariki, iliyokusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya Harilal Shah, ilikuwa miongoni mwa timu nane za kombe la kwanza. Ilipoteza mechi zote tatu: New Zealand 309 kwa tano, India 123 bila kupoteza mtu, Uingereza 290 kwa tano. Jumlisha: warushaji wetu walitoa watu 10 katika mechi tatu. Watu husema hatukuwa na wapigaji. Hatukuwa na wa kuwatoa wengine.

Linganisha na Pune, Februari 29, 1996. Kenya ilipata 166 tu, na bado West Indies wakamalizika na 93, Rajab Ali na Maurice Odumbe wakichukua watatu kila mmoja, Brian Lara akidakwa nyuma ya vijiti na Tariq Iqbal. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali, na wabeuzi bado husema ilibebwa na New Zealand kukataa kuja Nairobi. Pointi zile zilisaidia, hakuna anayekana. Lakini mechi nne ambazo Kenya ilizishinda uwanjani zina alama moja: Canada walitolewa wote kwa 197, Sri Lanka 157, Bangladesh 185, Zimbabwe 133. Collins Obuya aliwachukua Sri Lanka watano kwa spini yake ya kiganja. Aasif Karim, aliyekuwa amekwisha kustaafu kisha akaitwa tena, aliirushia Australia ile ya Ponting ova nane na mipira miwili kwa mikimbio saba na wiketi tatu. Ndiyo, Australia walishinda. Waliingiwa na hofu kwanza.

Kisha ukame. Obuya alirudi Kombe la Dunia 2011 akiwa mpigaji. Alipata 98 bila kutolewa dhidi ya Australia, zamu ya kupendeza, lakini wiketi zake za 2003 hazikupata mrithi. Kenya ilipoteza mechi zote sita, mojawapo ikiwa ile ya New Zealand waliofikia lengo bila kupoteza mtu. Sababu za kuporomoka ni nyingi, za fedha na za uongozi, na nimezieleza kwingine. Ya uwanjani ni hii.

Tiba ninayoipendekeza haihitaji mkufunzi wa kigeni. Kwanza, ligi zetu zitoe pointi ya nyongeza kwa timu inayomtoa mpinzani wote, ishinde au ishindwe. Leo nahodha wa klabu hana sababu ya kumwachia kijana wa spini mpira katika ova ya 25. Akipigwa sita mbili anaondolewa na hurudi tena baada ya wiki tatu, akiwa amejifunza kurusha kwa usalama, yaani kurusha kwa kupigwa. Pili, mafunzo ya vijana yaache kumpa nafasi ya mwisho mtoto anayezungusha mpira kwa kiganja. Uganda ilipoifunga Papua New Guinea katika Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024, iliwatoa wote kwa 77, na Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alitoa mikimbio minne tu katika ova zake nne. Wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 waliwafunga West Indies mwaka 2023 kwa njia hiyohiyo: kwanza waliwamaliza, ndipo wakafukuza. Tatu ni ya wakubwa wa dunia, na wameanza kuisikia: tangu 2011 kila zamu ya ova 50 ilitumia mipira miwili mipya, hivyo hakuna uliochakaa kiasi cha kuyumba kinyume. Mwaka 2025 walikubali kwamba kuanzia ova ya 35 ubaki mmoja. Wangeenda mbele zaidi wakarudisha mpira mmoja tangu ova ya kwanza.

Kombe la 2027 litachezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, likiwa na timu 14 badala ya 10. Vyama vyetu vikitaka kuanza na hiyo pointi ya nyongeza, ligi ya vijana ya msimu ujao inatosha: ni kubadilisha ukurasa mmoja wa kanuni, na waandikaji wa kadi wanajua kuhesabu hadi kumi.